Jina la Jaani

Bi Kulthum wa Bagamoyo alizika watoto watatu kabla ya Himid. Wa nne alipozaliwa alifanya kama wafanyavyo wanawake waliochoka kuzika. Alimlaza jaani, juu ya takataka, jirani akapita akamwokota, kisha akamrudishia mama kama kitu kisichokuwa na mwenyewe. Akaitwa Jalala, ili mauti yasimtamani. Alipotoka jandoni, baba yake Mwinyijuma akakataza jina hilo lisitajwe tena. Mwanawe ni Himid.

Himid alipokuwa mtu mzima alikwenda Maore, kisiwa cha Wafaransa, kukata miwa kwa mkataba. Ikapita miaka minne pasi na habari. Mkewe Adija hakuwa mke wala mjane. Mwanamume mmoja wa mtaani, Mrisho, alitaka kumposa, lakini kadhi akasema haiwezekani mpaka kifo kithibitike.

Ndipo walipomwomba Abdullatif, mfanyabiashara aliyezoea safari za Maore, akaulizie katika vitabu vya serikali, maana Wafaransa huandika kila azaliwaye, aoaye na afaye. Mwinyijuma akampa jina la mwanawe na ukoo wake mpaka babu wa saba. Abdullatif akarudi mikono mitupu.

"Basi yu hai," akasema Mwinyijuma, akamshukuru Mungu.

Bi Kulthum alijua kwamba mwanawe, penye hatari, hujificha ndani ya jina lile la jaani. Lakini kulitaja kulikuwa kama kumchimbia kaburi. Asiyeonekana vitabuni huenda akabisha hodi kesho. Hata hivyo, kila akimtazama Adija akisuka ukili peke yake, ujana ukimpita, moyo ulimsuta.

Abdullatif alipokuja kuaga tena, Bi Kulthum akatoka ukumbini. "Mwanangu, ulizia Jalala."

"Mzungu aambiwe mwanangu ni takataka?" akauliza Mwinyijuma.

"Hizo takataka ndizo zilizokupa mwana, baba Himid."

Wakati wa vuli Abdullatif akaleta karatasi yenye muhuri, na padri mmoja wa misheni akaifasiri. Jalala, mtu wa Bagamoyo, mama yake Kulthum, alikufa kwa ndui miaka miwili nyuma. Mwinyijuma akasema innalillahi, akageukia ukuta.

Kadhi alihesabu tangu tarehe ya kifo: eda ilikwisha zamani. Bi Kulthum akaenda mwenyewe kumpa mkwewe habari.

"U huru, mwanangu. Mrisho akija, mimi ndiye nitakayempokea."

Adija akavua bangili. "Eda imekwisha, mama, sawa. Lakini mimi sijamlilia."

Bi Kulthum akatandika jamvi, wakaketi. Mrisho akapelekewa salamu kwamba asubiri.