Mbuzi ya Mama Katika Jumba la Majini

Tiketi nilipewa bure kazini, na hapo hapo ningepaswa kushtuka. Ni makumbusho ya vitu vyenye majini, yaliyofunguliwa ndani ya jumba moja Ghubra, hapa hapa Maskati, si mbali na kwangu. Mama akasema naye anakuja. "Majini nimewaona wengi, mwanangu. Mradi kuna kiyoyozi."

Kiyoyozi kilikuwepo, cha kugandisha ngamia. Mapazia meusi, taa nyekundu, na spika inayoguna kama mtu aliyelala na njaa. Tukaona mwanasesere asiye na macho, fuvu la fisi, na kioo ambacho ukijitazama eti unamwona aliyekufa. Mimi nilijiona mwenyewe, na kitambi changu. Nilicheka mpaka mlinzi akanitolea macho.

Tukaingia chumba cha mwisho. Katikati, juu ya jukwaa la mahameli, imezungushiwa kamba: mbuzi ya kukunia nazi.

Ndiyo, mbuzi. Kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma na meno. Kando yake kibao cha Kiarabu, nikakisoma mara mbili nikidhani Kiarabu changu cha shule ya usiku kinanidanganya: kiti cha mwanamke mchawi wa Zanzibar, alichokalia akichinja, madoa yake ni damu, atakayekikalia hafiki Idi.

Nikageuka tucheke pamoja. Mama hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kamba, anatazama mguu wa nyuma, uliopigiliwa kipande cha bati la mkebe wa samli.

"Hili bati kalipiga babako," alisema.

Tangu tulipomhamisha kutoka fleti yake ya Ruwi, Mama aliiulizia mbuzi hiyo kila Ramadhani ikikaribia, na dada yangu akimwapia kwamba ilipotea kwenye gari la mizigo. Kumbe dada alimpa mtu wa vitu vya zamani pamoja na makapeti.

Hasira zilinichemka, ungeweza kuzipikia biriani ya harusi ya Maskati nzima. Kila aliyelipa kiingilio amesoma kwamba mama yangu, aliyelia siku tatu paka wa jirani alipogongwa na gari, ni mchawi mla damu!

Nikamwita mwenye makumbusho. Kijana safi, kanzu imenyooshwa pasi mpaka inakata, na Kiswahili chake cha nyumbani kabisa. Hapo ndipo nilipowaka. Angekuwa mtu wa mbali ningemsamehe.

"Kwenu hamli wali wa nazi?"

"Twala, ami. Tui la kopo."

"Na bibi yako alikuna kwa nini, kwa kucha?"

"Bibi alifariki sijazaliwa. Taratibu, ami, kuna wageni. Hiki nimekinunua kwa halali, na watu wanakuja kwa ajili yake."

"Wanakuja kumtukana mamangu!"

Mama alikwishaivuka kamba. Akakusanya buibui lake, akaifungua mbuzi, akakaa, magoti upande, kama alivyokaa jikoni utoto wangu wote. Mwanamke mmoja mgeni akapiga ukelele. "Bibi, inuka!"

"Nimeikalia toka bi harusi, na Idi zote nimeziona," Mama alimwambia kijana. "Hili doa mafuta ya nazi. Hukunusa?"

Kijana akatazama wageni wake. Wote wanamngoja. Akainama, akanusa.

"Nitabadilisha kibao, bibi," akasema chini chini.

"Badilisha. Mie nnakwenda nayo."

Akaikunja, akaitia kwapani, akatoka akipita mbele ya fuvu na mwanasesere bila kugeuza shingo. Kijana akatufuata mpaka getini: "Ami, mwambie!" Nikamjibu akaichomoe mwenyewe kwapani mwa Mama. Hakuthubutu.

Garini Mama aliyapapasa meno ya mbuzi. "Yamekuwa butu. Wameyasugua, wajinga hawa."

Siku ile tulikula wali wa nazi, nami nilikasirika sahani nne.

Lakini kijana yule! Jukwaa hakuliondoa. Nimeambiwa liko tupu, na kibao kweli amekibadilisha: mchawi mwenyewe alikuja akakichukua kiti chake. Sasa watu wanapanga foleni kutazama mahameli. Mama sijamwambia, wala simwambii. Ila kila nikipita jumba lile naikandamiza honi mpaka mlinzi anatoka nje, na spika yao ya kuguna haisikiki tena.