Maneno ya Jikoni

Siku hizi baraza la mahakama yetu lina vioo na mashine ya kutoa namba. Unachukua namba yako, unakaa, unangoja kuitwa na sauti isiyo na mwenyewe. Haya, maendeleo. Lakini kila nikipita pale bado naitafuta kwa macho ile meza yenye kipande cha boksi chini ya mguu mbovu, na nyuma yake mwanamke mnene, miwani imefungwa kwa uzi, akigonga mashine ya chapa kana kwamba wamekosana tangu asubuhi.

Tulimwita Bibi Chapa. Kengele ya mashine yake, ile ya kukuambia mstari umefika mwisho, ilikufa kabla sijazaliwa, na kwa kuwa hakuwahi kuipeleka kwa fundi, alilia mwenyewe badala yake. "Ngrii," anasema, anarudisha mkono, anaendelea. Wageni walidhani hamnazo. Sisi wenyeji tulijua kwamba anaijua sheria kuliko baadhi ya wenye tai mle ndani.

Nilimjua kwa sababu ya kesi, na aliyegombewa katika kesi hiyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka sita. Mama alifariki nikiwa mchanga, baba akaenda kutafuta maisha, nikalelewa na bibi yangu, mzaa mama, aliyekuwa dobi. Kisha baba akarudi na mke mpya na nyumba ya vyumba vitatu, akanitaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechelewa tu.

Barua ya kuitwa mahakamani ilipoletwa, bibi aliipokea kwa vidole viwili, akaisukuma chini kabisa ya rundo la mashuka yaliyopigwa pasi. Aliamini kwamba karatasi usiyoisoma haiwezi kukufanya kitu. Usicheke, nimeona wenye digrii wakifanya hivyo hivyo. Lakini mficha maradhi kifo humfichua. Ilipobaki siku moja tu, jirani akamkokota hadi kwa Bibi Chapa.

Muda haukuwepo. Bibi Chapa alimsikiliza kwa haraka, akagonga kurasa mbili za maneno mazito, ngrii mpaka mwisho, akampa. Kesho yake hakimu akavua miwani, akauliza, "Mama, hapa unaomba malezi ya kudumu kwa kuzingatia maslahi mapana ya mtoto. Hebu nieleze, unamaanisha nini?"

Bibi yangu alinitazama, akaitazama karatasi. "Namaanisha hayo hayo yaliyoandikwa hapo, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Baba akasimama, akasema mama mkwe wake ni mzee, anatumiwa na watu, hata anachokiomba hakijui. Hakimu akaahirisha kesi kwa wiki mbili, na sote tuliona upepo unakovumia.

Jioni hiyo Bibi Chapa alikuja nyumbani. Alikaa juu ya kapu la nguo, likalia chini yake. Nakumbuka harufu ya sabuni na ya karatasi ya kaboni aliyokuja nayo mikononi.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nilikuandikia maneno yangu, na kesi ni yako. Sasa niambie kwa maneno ya jikoni. Unataka nini?"

"Namtaka mtoto."

"Kila mtu anamtaka. Kwa nini wewe na si babake?"

Bibi alitandika shati, akalipiga pasi lote. Alipofika kwenye kola akasema, "Ana pumu. Kifua kikimbana, halali chali. Unamkalisha, unamwekea mto mgongoni, unamhesabia pumzi taratibu mpaka atulie. Babake kama anayajua hayo, aje amchukue leo hii."

Bibi Chapa aliinuka kwenye kapu. Halafu akasema, "Hayo hayo. Usiongeze chumvi."

Wiki mbili baadaye bibi aliyasema hayo hayo, amesimama wima, bila karatasi. Hakimu akamgeukia baba. "Wewe ulikuwa unajua?" Baba alitikisa kichwa. "Sikujua, mheshimiwa," akasema, na mpaka leo nampenda kwa jibu hilo. Nikabaki kwa bibi. Baba akaruhusiwa kuja kila Jumamosi. Alikuja, na Jumamosi ya kwanza kabisa akauliza mto unawekwaje.

Tangu hapo Bibi Chapa hakumpa mtu karatasi kabla hajamweleza kilichomo kwa maneno ya jikoni. Foleni ililalamika. "Mama, hapa ni shule?" akafoka kinyozi mmoja. "Shuleni ulikaa miaka saba ukatoka hivyo ulivyo," akamjibu. "Hapa nakuomba dakika kumi."

Bibi yangu alishatangulia. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, na nakiri maneno mazito yameniingia kama mafuta ya taa kwenye mkate. Mwezi uliopita Bibi Chapa aliniita chumbani kwake. Macho yamefifia, mashine iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Alitaka nimwandikie wosia. Nikauandika kwa ufundi wangu wote, nikamsomea: "Mimi, nikiwa na akili timamu, naagiza kwamba baada ya kuondoka kwangu duniani, mashine yangu ya chapa imilikiwe na mjukuu wangu wa hiari..."

"Vizuri," akasema. "Sasa niambie kwa maneno ya jikoni."

"Bibi, mimi ndiye nimeandika. Naelewa."

"Bibi yako naye alidhani anaelewa. Niambie."

"Utakapotangulia..." nikaanza, akatikisa kichwa. Miaka kumi na tisa ofisini nimeandika wosia za watu zisizo na idadi, na siku zote wao huondoka duniani, hutangulia mbele ya haki, hawafi. Alinishika kiganja, akangoja, kama alivyomngoja bibi yangu amalize shati.

"Ukifa," nikasema, na machozi yakanishinda, "ukifa, bibi, mashine ni yangu."

"Ngrii," akasema. "Haya, mstari wa pili."