Shairi la Juu ya Kiti

Bi Remei alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo hapa Manlleu, mji wetu mdogo, na mshairi kwa ukaidi wake tu. Enzi za yule dikteta aliyepiga marufuku lugha ya huku, kuandika Kikatalani kulikuwa kujitafutia balaa. Yeye aliandika jikoni, viazi vikichemka, na kwa miaka mingi alitunga shairi moja refu juu ya mto wetu, Ter.

Huku, siku ya Krismasi, watu wakishamaliza supu na halua ya lozi, mtoto hupanda kiti, akasema shairi, na babu akampa sarafu. Mwaka mmoja akina mama wa mtaa walimwomba Bi Remei awatungie watoto wao. Alikuwa hoi kwa zamu za kiwandani, basi akalikata shairi lake vipande, kila mtoto akapata ubeti. Uvivu mtupu, aliniambia mwenyewe.

Baada ya sikukuu kukawa na mgomo kiwandani, na askari wakaanza kupekua nyumba. Bi Remei akatia karatasi zote za shairi lake motoni. Askari wakapita mlangoni pake bila hata kubisha! Tangu hapo hakuandika tena hata mstari mmoja. Kila nilipomwuliza kuhusu ile mistari ya watoto, alicheka kwa uchungu. "Watoto? Wanakumbuka peremende tu." Nami sikubisha, maana sikukulia hapa. Na kwa kuwa kila Krismasi alikula kwa dada yake kule Vic, mji wa jirani, hakuwahi kumsikia hata mmoja.

Dada huyo alipofariki, tukamwalika Bi Remei kwetu, mwanamke wa miaka sabini na ushee. Mume wangu Ermengol, seremala ambaye tumbo lake hutangulia kuingia mlangoni, alishiba, akapanda kiti.

"Shuka, mzee, utakivunja!" nikamkemea.

"Nimekitengeneza mwenyewe, niache!"

Akaanza ubeti wake wa utotoni, ambao hata mimi sikuwahi kuusikia, mikono nyuma, macho darini. Kijiko kikamdondoka Bi Remei.

"Rudia," akasema. "Rudia, Ermengol, usiruke neno."

Kesho yake tukazunguka mtaa mzima kuwatafuta wale watoto, sasa watu wazima, mimi na kalamu, Bi Remei na fimbo. Muuza nyama aliusema wake juu ya kreti, wateja wakingoja. Mke wa mfamasia alikataa katakata kuusema akiwa amekaa. Ilipofika jioni ulibaki ubeti mmoja tu, ule wa mwisho. Huo alipewa Quirze, naye alikwenda kufanya kazi Perpinyà, ng'ambo ya mpaka, akaoa hukohuko. Tukampigia simu.

"Quirze, mwanangu, ubeti wako unaukumbuka?"

"Lo, Bi Remei! Hata nusu yake sina."

Bi Remei akafumba macho.

"Hebu ngoja," Quirze akasema. "Ngoja nipande kiti."

Tukasikia kiti kikiburutwa na mkewe akifoka kwa Kifaransa. Halafu lile jibaba la miaka hamsini, kwa sauti ya mtoto anayesubiri sarafu, likausema ubeti hadi mwisho bila kukwama.

Bi Remei alilia, na mimi nikamshinda kwa kulia. Hatimaye akajifuta pua kwa aproni, akaitazama ile karatasi niliyoandika.

"Huu wa mwisho ni mbovu," akasema. "Lete hiyo kalamu."