Nyigu wa Mkwe

Baba mkwe wangu namjua kwa kikohozi chake. Uso wake sijawahi kuutazama, ingawa tulikaa ua mmoja huko Makwale kwa misimu miwili ya mpunga. Siku nilipoletwa nyumbani, mama mkwe aliingia kwenye kijumba tulichopewa mimi na mume wangu, akaigeuza picha ya ujana ya mzee ielekee ukutani, kisha akaniambia nikae, chai iko tayari.

Familia nyingi za huko zimeacha mambo haya. Wakwe wanasalimiana kanisani, wanapanda bodaboda moja, maisha yanaendelea. Mimi bahati yangu niliolewa kwa watu wasioacha kitu. Kwao mke wa mtoto haonekani na baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake. Akija uani anakohoa, nami najitosa ndani ya mlango wowote ulio karibu. Nikitaka kutoka nagonga sufuria kwa upawa, naye anaondoka upesi anipishe. Neno lolote kati yetu lilipita kwa mama mkwe. Nimekulia Morogoro, ambako baba yangu alikuwa akibishana na wake wa kaka zangu kuhusu mpira mpaka chai inapoa, kwa hiyo mwanzoni niliona kama mchezo. Baadaye haukuwa mchezo. Kuna siku nilikaa jikoni kutwa nzima na haja ndogo, kwa sababu mzee alikuwa anarekebisha jembe nje na mimi niliona aibu kugonga sufuria kwa mara nyingine.

Mbali na ndoa, huko nilifuata nyigu, kwa mradi wa utafiti. Si hawa wanaojenga chini ya paa na kuwauma watu. Nyigu wangu ni wadogo kama chawa na hawana habari na binadamu. Jike humtafuta funza anayekula bua la mpunga kwa ndani, anamchoma na kumtagia mayai mwilini. Watoto wakianguliwa wanamla funza polepole, na wakishiba wanatoboa ngozi yake na kujifumia vifuko vyeupe, vidogo kama chenga za mchele. Funza anakufa, mpunga unapona, na mkulima hajapumua sumu yoyote. Wenzangu chuoni walikuwa wakisikia kinyaa. Mimi niliipenda kazi hii tangu siku ya kwanza, na ninaipenda bado, hata kwa hasira.

Shida ni kwamba dawa inayoua funza inawaua nyigu kwanza. Nilihitaji jaruba lisilopuliziwa. Nilizunguka mpaka Mwaya nikiomba. Watu walinisikiliza kwa heshima, wakanifungashia ndizi, wakakataa. Ndipo mama mkwe aliponiletea jibu ambalo sikuwa nimeliomba: "Baba yako anasema uchukue lile la kando ya mfereji. Hataligusa, wala lake lililopakana nalo hatalipulizia." Lilikuwa jaruba lake bora kuliko yote. Na kweli hakugusa. Masuke yalianza kuwa meupe huku na huku, mapepe matupu, kwangu na kwake, naye akanyamaza. Watu walimcheka kwamba mkwe wake msomi anafuga wadudu kwenye chakula.

Mradi ulikuwa unaisha na msimu ule. Nilitakiwa kuonyesha jambo moja tu: kwamba nyigu niliowalea kwenye chupa na kuwafungulia wamezaana wenyewe shambani, bila mimi. Nikilionyesha, kazi ingeendelea na wakulima wengine wangeingia. Nisipolionyesha, ningefunga virago, na nyigu wangu wangebaki wadudu wa kwenye chupa.

Katikati ya masika mama mkwe alikwenda msibani Katumba Songwe. Mito ikafurika nyuma yake, akakwama huko pamoja na simu, ambayo ndiyo ilikuwa simu pekee ya nyumba yao. Mume wangu ni dereva wa malori. Wiki ile alikuwa njiani, mtandao unakuja na kupotea. Tukabaki watu wawili tusioweza kuambiana hata kwamba ng'ombe kakata kamba. Mvua ilinyesha. Yeye alikohoa, mimi nikajificha. Mimi niligonga, yeye akaondoka. Chakula chake nilikiacha barazani nimekifunika, nikirudi nakuta sahani imeoshwa. Nilichoka sana. Nilikuwa nikijiuliza usiku na mchana hivi elimu yote hii niliisomea ili nije kugonga sufuria.

Asubuhi moja mvua ilipolegea niliingia jarubani. Nikapasua bua kwa wembe: funza amekufa, na pembeni yake vile vifuko vyeupe vimejipanga. Nikapasua la pili, navyo vipo. Hao sikuwafungulia mimi. Hao walikuwa watoto wa niliowafungulia. Nikachuchumaa kwenye tope, mikono kichwani, nikalia kama mtoto. Upande wa mikakao nikasikia kikohozi. Nikainama zaidi mpunga unifiche, nikaendelea kulia kwa furaha yangu.

Kesho yake nilikuwa jikoni nakoroga uji alipokohoa uani. Jiko lile lina mlango mmoja, na mlango unatazama pipa la maji. Nikarudi nyuma ya moshi. Nikasikia maji yakichotwa. Nikasikia kizibo kikifunguliwa. Halafu harufu ikaingia, na harufu ile siwezi kuikosea hata nikiwa usingizini. Akaanza kulijaza upepo bomba la kupulizia, kwichi, kwichi, kwichi.

Nilidhani uvumilivu umemwisha, anakwenda kulinusuru jaruba lake lililopakana na langu, na upepo utamaliza kazi. Nikampigia mume wangu, nimweke kwenye spika amkataze baba yake: hapatikani. Nikapiga tena. Wenzangu wa maabara huniuliza kwa nini sikutoka tu. Ni rahisi kuuliza ukiwa umekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Nilikuwa bado sina mtoto. Ningetoka na kumtazama mzee yule usoni, basi kila homa na kila mimba itakayoharibika katika ukoo ule ingeandikwa jina langu, na aibu yake yeye ingekuwa kubwa kuliko yangu. Mama mkwe alikwishaniambia: "Mimi mwenyewe nilikaa hivyo kwa mkwe wangu mpaka tukamzika."

Nikafanya kitu pekee nilichoruhusiwa. Nikachukua upawa, nikaigonga sufuria kwa nguvu zangu zote. Nilitaka asikie kwamba kuna hatari, asimame, ajiulize. Yeye alisikia nilichokuwa nikimwambia kila siku kwa sufuria ile: nipishe. Akabeba bomba lake akaondoka mbio, mzee wa watu, akiteleza kwenye tope ili asinicheleweshe.

Nilitoka nikamfuata mpaka kwenye migomba. Kwa mgongo niliruhusiwa kumwona. Alilipita jaruba lake bila kusimama, akaingia kwenye langu. Alipulizia mstari kwa mstari, akigeuza majani kwa mkono, taratibu kama anaogesha mtoto mchanga. Nikarudi jikoni, uji ulikuwa umeungua.

Jioni nyigu walikuwa wanaelea juu ya maji ya jaruba, wengine hata mabawa hayajanyooka. Nilipasua mabua mpaka giza likaingia na sikupata mzima.

Mito ilipopungua mama mkwe akarudi. Nilimsimulia yote, tena kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyejaza mito. Alikaa kwenye kigoda, shavu mkononi, hata viatu vya safari hajavua. Tukasikia kikohozi. Mzee akasimama upande wa pili wa ukuta wa jiko, akaanza kuongea na mkewe kwa Kinyakyusa, polepole sana, kwa sababu alijua lugha yenyewe naijua kwa kuungaunga.

"Mwambie mkwe wangu nilimwona analia jarubani. Niliumia. Sikuwa na mtu wa kumtuma. Nikaenda mjini nikaleta dawa. Chupa ilitosha la kwake tu, langu nimeliacha. Asilie tena. Wale wadudu wamekufa wote."

Mama mkwe alinitazama. Alikuwa na neno mdomoni, na lilikuwa neno la kweli. Nikaliona, na nikaona pia lile jaruba la mzee lenye mapepe ambalo hakulipulizia. Nikamtikisia kichwa, asiliseme.

"Mwambie baba," nikasema, nikiazima asante sana ya kwao, "ndaga fijo."

Akamwambia, "Anasema ndaga fijo," ingawa ukuta wenyewe ni wa mabanzi na udongo. Nje mzee akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayeona haya kusifiwa. Katika misimu yote miwili sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Mwambie basi," akasema, "nikiuza kakao nitamletea chupa nyingine."

Mama mkwe hakunifikishia ujumbe huo. Aliinama akaanza kuvua viatu.