Nilivyomwigiza Mtumishi Aliyelala

Mwalimu wetu, mtu wa pwani aliyeletwa Rumonge na serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, alitutungia mchezo mfupi wa kusoma darasani. Bwana anamwita mtumishi wake, kumbe mtumishi amelala akiwa amesimama. Bwana anafoka, anaamuru, anaapa, wala hasikiwi.

"Tunamcheka nani?" mwalimu akauliza.

"Mulalaji!"

"Angalieni tena. Nani mjinga hapa, anayelala au anayemwamuru aliyelala?"

Wenzangu walifurahi kugundua kwamba dhihaka yote ilimwangukia bwana. Mimi niliinamia kibao changu. Baba alikuwa amekufa kwa malale, ule ugonjwa wa usingizi, na sasa mama alikuwa anasinzia mchana mbele ya chungu cha mawese. Sikumwambia mtu. Wagonjwa walipelekwa kwenye kambi ya malale ya serikali, na kutoka mtaa wetu hakuna aliyekuwa amerudi.

"Wewe usiyecheka," mwalimu akaniita, "njoo uwe mtumishi."

Ningeweza kukoroma tu. Badala yake nililala kama nilivyoona nyumbani: kichwa kikashuka polepole, macho yakabaki nusu wazi, na tonge nililojifanya kutafuna likasahaulika shavuni.

"Eeh! Huyu iko fundi!" mmoja akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko. Naona haya kusema, lakini nilifurahi.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alinisogelea.

"Mwanangu, nani kwenu analala hivi?"

Nikarudi mahali pangu, nikainamia kibao. Kesho yake walikuja nyumbani watu wa kambi na machela. Mama alifumbua macho mara moja tu, akaniuliza kama wadogo zangu wamekula. Nikasema ndiyo. Hawakuwa wamekula.

Hakurudi. Niliacha shule, nikawa naanika ndagala za watu, dagaa wa ziwani, ili wadogo zangu wawili wale. Mwalimu alipita mara kadhaa. Tulisalimiana, akaenda zake. Labda alitaka kumwokoa mama. Somo lile nililibeba peke yangu, kwa kuwa wadogo zangu hawakumkumbuka mama, na sikuwa na mwingine wa kumwambia.

Miaka ilipita, mdogo wangu wa kiume akaingia darasa lile lile. Siku moja, tukiwa kwenye ndagala, akamwigizia dada yetu mtumishi yule. Alikoroma kwa nguvu hadi kunguru wakaruka. Dada yetu alicheka akashika tumbo.

"Kaka, nimepatia?"

"Umepatia," nikamwambia, nikaendelea kugeuza samaki.