Bi Mwanasaumu na Muhogo wa Serikali

Bi Mwanasaumu binti Mwidani wa Mtongwe, upande wa Likoni, alizaa watoto watano, akazika wawili na mume mmoja, na katika hayo yote hakuwahi kuitwa mchoyo. Aliitwa mengine. Aliitwa mkaidi, aliitwa mwenye mdomo, na shemeji yake mmoja alipata kumwita tembo, akikusudia miguu. Lakini mchoyo, hapana. Jina hilo alilipata mwaka wa arobaini na tano, akiwa mtu mzima, na aliyempa ni serikali.

Mambo yalianza na njaa ya wakati wa vita. Mahindi yalikuwa ya kupimiwa kibaba kibaba, mchele wa Bama, uliokuja kwa meli, ulikuwa haufiki tena, na muhogo, ambao watu wa Likoni waliuona kuwa mmea usiohitaji hata dua, ulishikwa na ugonjwa. Majani yalipata madoa ya manjano, yakajikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, na chini mizizi ikatoka myembamba kama vidole. Serikali, ambayo kwa miaka mingi ilipopanda kitu pwani ilipanda nguzo za simu, ikaamua kutoa fedha utafutwe muhogo usiougua. Aina nne zikaletwa, likatafutwa shamba la kuzijaribia.

Bwana shamba aliyetumwa alikuwa Lewa, kijana wa Kigiriama kutoka Kisauni, Mkristo, mwenye kaptula ya kupigwa pasi na baiskeli aliyoipenda kuliko watu. Alizunguka Mtongwe nzima akakataliwa, kwani watu waliamini kwamba serikali ikishapanda kwako, shamba limekwenda. Bi Mwanasaumu alimpa pembe moja ya shamba lake. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba kijana alionekana amechoka.

Sharti la Lewa lilikuwa moja. "Mama, hapa hakitoki kijiti hata kimoja mpaka siku ya kupima. Siku hiyo tutang'oa, tutapima kila aina, tujue ipi imeshinda. Vijiti vikikatwa ovyo, kipimo kimeharibika."

"Na hiyo siku ni lini?"

"Ukikomaa. Baada ya Ramadhani ya mwaka ujao."

"Haya," alisema Bi Mwanasaumu. Baadaye alikiri kwamba neno lile alilitoa haraka.

Kuna nchi ambako ujirani huvunjwa na mipaka, na nyingine ambako huvunjwa na mbwa. Mtongwe ulikuwa ukivunjwa na mbegu. Mtu aliweza kukunyima chumvi akisingizia imekwisha. Aliweza kukunyima binti yake, na mkaendelea kusalimiana. Lakini kijiti cha muhogo hakinyimwi. Hakiuzwi wala hakikopeshwi: huombwa, hukatwa, na mwombaji akaenda zake kupanda. Hata adui hupewa, ingawa yeye huchaguliwa kile kibovu.

Muhogo wa serikali ulisimama kijani kibichi katikati ya mashamba yaliyojikunja, na majirani wakaanza kupita. Bi Mwanasaumu aliwajibu vizuri. Bado mchanga, alisema. Msimu ujao, inshallah. Mastura, jirani wa ng'ambo ya kinjia, ambaye ndiye aliyeongoza upishi wa kila arusi kutoka Mtongwe hadi kivukoni, alikuja, akajibiwa, akarudi tena, akajibiwa vilevile. Wote walivumilia, kwa kuwa hakuna aliyetamka neno "hapana", na jambo lisilotamkwa huweza kuishi na watu muda mrefu.

Ndipo kukawa na baraza, mwezi wa Rajabu. Ofisi ilimpa Lewa maneno ya kusoma, naye akayasoma: kwamba serikali inamshukuru Mwanasaumu binti Mwidani, raia wa kuigwa, ambaye majirani wote wamemwomba mbegu naye amewanyima wote.

Lewa mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima, na alipofika kwenye "amewanyima" sauti ilimpungua. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuandikwa. Wazungu wawili waliokaa vitini walipiga makofi. Hakuna mwingine aliyepiga.

Njiani, wakati wa kurudi, Mastura alimfuata Bi Mwanasaumu nyuma kwa hatua za taratibu. "Hongera, mwenzangu," alisema, kwa sauti iliyowatosha wote. "Arusi ya Dhahabu utapikiwa na serikali."

Dhahabu alikuwa binti wa mwisho wa Bi Mwanasaumu. Alikuwa aolewe mwishoni mwa Shaabani, kabla ya mfungo, na kijana aliyefanya kazi bandarini Kilindini. Na Mtongwe, mwenye arusi hapiki. Majirani ndio wachaguao mchele, wakunao nazi, wachocheao moto na kumsema bwana arusi. Nyumba isiyopikiwa na majirani, bibi arusi wake hutoka kama mtu anayeruhusiwa kutoka hospitali.

Mwaliki wa arusi akapelekwa nyumba kwa nyumba. Kila mlango ulimjibu "inshallah", ile inshallah asemayo mtu aliyekwisha kukupa mgongo.

"Mama, wape vijiti vyao," alisema Dhahabu.

"Nimeahidi."

"Umeiahidi serikali!"

"Ahadi ni ahadi."

"Basi na mimi niozeni serikali."

Lewa alipokuja kukagua alimkuta Bi Mwanasaumu amekaa ukingoni mwa shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lewa, serikali ina wapishi wangapi wa arusi?"

Lewa alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Bi Mwanasaumu akamweleza yote, kisha akasema, "Tupime kesho, yaishe."

"Ukipimwa kesho haujakomaa, mama. Tutachagua aina mbaya, itagawiwa pwani nzima, na njaa ikirudi watu watakufa na muhogo mkononi."

Bi Mwanasaumu aliona kwamba hilo ni kweli, na likamuudhi zaidi.

Lewa alitazama gurudumu la baiskeli yake kwa muda. "Ile mistari ya pembeni," akasema, "haipimwi."

"Imepandwa ya nini?"

"Kuikinga ya ndani. Ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi, hunenepa kwa bahati yake. Hatuihesabu."

"Miezi yote hii nimewanyima watu kitu kisichohesabiwa?"

"Hukuuliza, mama."

"Basi nawapa, wende nacho."

"Kutoka shambani, hapana. Nilichoandikiwa ni kwamba hakitoki kijiti. Hilo siwezi kulibadili."

Bi Mwanasaumu alikaa palepale mpaka Lewa akaondoka. Pwani ile udongo una mwenyewe na mmea una mwenyewe: mtu aweza kuwa na mnazi katika kiambo cha mwenziwe, na wajukuu wake wakaja kuangua bila kuomba ruhusa. Kumruhusu mtu apande kwako si jambo dogo, kwa sababu kumtoa hutaweza. Yeye alikuwa na kipande kizuri humo humo shambani, karibu na kisima, alichopanda kunde zake mwenyewe. Alikitazama sana. Kisha akavuka kinjia.

"Hodi."

"Karibu," alisema Mastura kutoka ndani. "Leo umekuja kuninyima nini?"

"Nimekuja kukupa mbegu. Lakini utaipanda kwangu, pale kisimani."

"Nipande kwako, nipalilie kwako, nije kuchimba kwako kama mwizi?"

"Muhogo wako. Udongo tu ndio wangu."

"Na serikali yako?"

"Yataka kijiti kisitoke shambani. Hakitoki."

Mastura alimtazama. "Umekuwa wakili, wallahi."

"Njoo na jembe. Waambie na wenzio."

"Nitakuja kutazama. Sijasema nitapanda. Na arusi sijaitaja."

Mastura na majirani wengine walikuja na majembe, siku ya manyunyu. Bi Mwanasaumu akang'oa kunde zake, akakata vijiti vya pembeni, akagawa. Waligombania mipaka mpaka alasiri, jambo lililompa matumaini. Lakini hakuna aliyetaja arusi, wala yeye hakuuliza. Mbegu ukiidai shukrani, umeiuza.

Mkubwa wa Lewa alipopita, aliuliza ile mistari mipya ni ya nani. Lewa akamjibu kwamba wakulima wamepanua jaribio kwa hiari yao. Mkubwa alifurahi, akasema Bi Mwanasaumu anastahili kusifiwa tena barazani. Lewa alimsihi asifanye hivyo.

Upimaji ulifanywa baada ya Idi, kama ulivyopangwa, na mbegu zilizoshinda zikafika Kisauni na Changamwe. Hayo yamo kwenye ripoti ya ofisi. Arusi ilikuwa kabla ya hapo, na haimo.

Asubuhi ya arusi Bi Mwanasaumu alipanga mafiga, akaweka sufuria alizoazima, akamimina nazi kwenye mkeka. Jua likatoka. Uani palikuwa na yeye na kuku. Alingoja mpaka alipoona aibu kungojea, kisha akajivutia ungo, akaanza kuchagua mchele mwenyewe. Dhahabu aliyaona hayo dirishani, akajifunika kanga uso.

Mastura aliingia bila hodi, mbuzi ya kukunia nazi kwapani. Alisimama, akatazama mafiga, akatazama kuni, akatazama ungo.

"Toka hapo," alisema. "Nani alikufunza mwenye arusi achague mchele? Na kuni hizi mbichi. Wataka kumwoza mtoto kwa moshi?"

Nyuma yake, kwenye kinjia, zilisikika sauti za wanawake wakibishana nani ameshika mwiko wa nani.

"Mastura—"

"Nenda ukaoge. Wanuka kunde."

Bi Mwanasaumu akainuka, akaenda kuoga. Alikaa huko bafuni muda mrefu kuliko uchafu aliokuwa nao ulivyotaka.