Mti Kwenye Vioo vya Muasya

Muasya alikuwa fundi wa kuandika mabango pale Baba Dogo, na mwaka wa 1979 alichangia kibanda na Kabiru, seremala. Walielewana hadi kifuniko cha kopo la rangi la Muasya kilipopotea. Kabiru akampa vipande viwili vya kioo vilivyobaki alipotengeneza kabati la mteja.

"Bana rangi katikati, haitakauka."

Asubuhi Muasya alipovibandua, alishtuka. Kwenye rangi nyekundu palikuwa na mti: shina, matawi, na vitawi vyembamba kama mishipa. Akaufuta. Kesho yake, mti mwingine.

Nani anamchorea uchawi? Kibanda kilikuwa na funguo mbili, yake na ya Kabiru. Akaanza kumchunguza mwenzake. Mbona anawahi kufika? Mbona anaosha mikono kabla ya kazi? Akavifungia vioo sandukuni kwa kufuli. Mti ukaja vilevile, na uvumilivu ukamwishia.

"Kabiru, kama unataka kona yangu, sema. Kwa nini uniroge?"

"Nikuroge kwa rangi yako mwenyewe?" Kabiru alicheka, lakini kicheko kilimfia mdomoni alipoona Muasya hatanii.

Nyumbani, mkewe Nthenya alimsikiliza huku akichambua maharagwe. "Baba Koki, hebu vilete hivyo vioo." Akapaka kioo kimoja mafuta ya kupikia, akakandamiza kingine juu yake, akavitenganisha. Mti.

"Haya, na mimi nimekuroga?"

Muasya akarudia mwenyewe, polepole, macho karibu na ukingo. Vioo vilipoachana, hewa iliingia kutoka pembeni. Pale ilipotangulia kidogo, mafuta yalisukumika kwa urahisi zaidi, basi ncha hiyo ya hewa ikazidi kukimbia na kuziacha nyingine nyuma, kisha ikagawanyika, na vigawanyiko navyo vikagawanyika. Hapakuwa na mkono wa mtu.

Alipokwenda kuomba radhi, alimkuta Kabiru akipakia benchi lake mkokotenini, anahamia Dandora.

"Nimekusamehe, bwana. Lakini sitapiga randa huku macho ya mtu yamenigandia mgongoni."

Habari za mti zilikuwa zimeshaenea. Wateja wakawa wanasimama mlangoni, hawaingii. Apondi, muuza samaki, alisema waziwazi: "Niandikie bango, lakini hiyo rangi ya vioo sitaki."

Muasya akafungua kopo jipya mbele yake, akamweleza habari za hewa na mafuta. Apondi aliitikia kwa kichwa. Bango lilipokauka alilipokea, akaligeuza, akalichunguza upande wa nyuma kwanza, akitafuta mti.